Sweta la Baba Kwenye Ndoana

Mdogo wangu, ninayekaa naye kwangu, ni fundi umeme, mtaani wanamwita Waya, na hajawahi kuanza jambo lake bila kuniharibia langu. Sasa kaanza kutengeneza wadudu bandia wa kuvulia samaki mtoni. Unaizungushia ndoana uzi na manyoya mpaka ifanane na nzi, samaki anaingia mkenge. Vifaa vipo madukani, lakini Waya na kununua wapi na wapi.

Ndoana aliibana kwa koleo lake la kazini. Uzi ukatoka kwenye cherehani yangu, manyoya kwenye mto wangu, mkia kwenye wigi langu la kwendea harusini, na gundi ikawa rangi yangu ya kucha. Nzi wake wa kwanza alikuwa donge tu, na rangi ilikuwa imeziba tundu la ndoana, hata mshipi haukupita. Nilicheka, nikamwachia.

Jumapili nikakuta bawaba za kabati langu zimefunguliwa kwa bisibisi, na sweta la marehemu baba limefumuliwa ukosi. Sweta lile sikuwa nimelifua tangu msiba, kwa sababu lilikuwa na harufu yake. Sina kitu kingine chake kilichobaki.

Nilienda nalo mpaka mezani kwake. Alikuwa anazungushia ndoana sufu ya kahawia.

"Nani kakupa hiyo?"

"Inafanana na funza wa mtoni, Dada," akasema bila kuinua macho. "Jana samaki kameza moja, akakata mshipi akaenda nayo."

"Nguo ya baba yangu iko tumboni mwa samaki, na wewe unanisimulia?"

"Baba yako?" Sasa akanitazama. "Siku ya msiba ulilichukua ukalifungia. Hata kulishika hukuniruhusu. Mimi nilipata nini?"

Swali hilo lilinitia hasira kuliko wizi wenyewe. Nikachukua mkasi wake, nikakata mkono mmoja wa sweta, nikamtupia.

"Haya, urithi wako huo. Ukigusa lililobaki, tutaonana wabaya."

Hakuufumua. Aliuweka usoni, akavuta pumzi, akavuta tena. Kisha akainama akanusa na lile nililolishika mimi.

"Dada," akasema taratibu, "hili linanuka kabati tu."

Nikamwambia atoke nyumbani kwangu.