Mlango Mkubwa wa Boma

Zaitun Gharibu hawezi kuingia chumba kitupu akakiacha hivyo hivyo. Ndivyo alivyoumbwa. Mpeleke msibani, na akishalia vizuri na kuwapa wafiwa pole yao, utamkuta ametazama darini, anapima pazia la rangi gani lingependeza pale. Si utovu wa adabu, jamani, ni kazi imemwingia mwilini. Mjini Kasulu wanamwita Mama Mapambo. Kuanzia hapo hadi Kibondo, hadi Kakonko huko, bibi harusi ambaye ukumbi wake haukupambwa na Zaitun ataulizwa na mashoga zake kulikoni, na atalazimika kujieleza.

Babu yake alitoka Pangani na marobota ya kanga, akafika Kasulu akakuta baridi, maharage na mwanamke wa Kiha aliyemcheka usoni. Akasema basi, safari imeishia hapa. Dukani kwa babu ndiko Zaitun alikojifunza vitambaa: hii satini, hii hariri ya uongo, hii ukiifua mara moja inakuwa kitambaa cha kupangusia meza. Kiha anakijua, ila ni Kiha cha sokoni, cha mbio mbio, cha bei gani na nikufungie ngapi.

Lakini kabla ya duka kulikuwa na vitumbua. Akiwa na miaka tisa alikuwa akikaa asubuhi na sinia lake chini ya kilima, anawaamkia wapita njia "mwakeye" na huku macho yake yapo juu, kwenye Boma. Boma lenyewe ulione: kuta za mawe nene za enzi za Mjerumani, Mwingereza akalirithi, ngazi saba mbele, na juu yake mlango wa mninga ambao ng'ombe wawili wangepita sambamba bila kugusana pembe. Serikali ilikuwa imeshahamia majengo mapya, na Boma likawa stoo ya saruji. Ndani walikaa popo. Zaitun hakuwahi kuingia hata siku moja, na hilo lilimuuma kweli kweli. Jumba zuri namna ile kupewa popo!

Miaka arobaini ikapita. Akaolewa, akamzaa Firdausi na wadogo zake, akazika mume, akapamba kumbi za shule, mabanda ya turubai na hata ghala moja la kahawa lililonuka mpaka mwisho wa sherehe. Boma halikumtoka moyoni. Jumba hilo sasa lilikuwa chini ya kamati ndogo ya wazee wa mji, na katibu wao alikuwa mwalimu mstaafu, Ildefonsi, mtu asiyecheka bila sababu ya maandishi. Zaitun akamwandama. Akamfuata nyumbani, akamfuata sokoni, akamfuata hata kanisani. Yeye Muislamu na mtandio wake, akamsubiri nje mpaka misa ikaisha.

"Mama Firdausi," Ildefonsi akasalimu amri siku hiyo mbele ya waumini, "tutakupa harusi moja. Moja tu, ya majaribio. Nitakuja mwenyewe na daftari. Ikienda vizuri, Boma litakuwa ukumbi wa sherehe na wewe ndiye utakayelisimamia. Ikiharibika, tunarudisha saruji, na usinifuate tena kanisani."

"Alhamdulillahi," Zaitun akajibu, pale pale mlangoni pa kanisa.

Harusi ikapatikana upesi. Pasikali, mkulima wa kahawa wa upande wa Kibondo, alikuwa anamuoza mwanawe kwa binti wa Kasulu, na alitaka sherehe ya kusimuliwa. Zaitun na wasichana wake wakafagia kinyesi cha popo ndoo kumi na moja. Wakasugua sakafu kwa siku mbili, wakashusha satini nyeupe na ya dhahabu kutoka kwenye boriti, wakatandaza zulia jekundu kwenye ngazi zote saba. Usione vyaelea, vimeundwa! Kwenye ule mlango mkubwa akafunga tao la maua na utepe wa dhahabu, ili maharusi wakifika waukate kwa mkasi na kuingia wa kwanza, huku matarumbeta yanalia. Wageni wengine wote wangepitia mlango mdogo wa ubavuni, ili zulia lisichafuke. Akaandika karatasi kwa mkono wake, WAGENI, akachora na mshale. Akarudi nyuma hatua tatu akautazama huo mshale, akaridhika nao.

Siku ya siku, Jumamosi, mvua ilinyesha alfajiri ikakatika. Saa saba mchana jua likawaka na ule udongo wetu mwekundu ukawa unanata viatuni. Ildefonsi alikuwa ameshafika, amesimama kivulini na daftari lake. Noah ya kwanza kutoka Kibondo ikapanda kilima, na ndani yake alikuwamo Bibi Hatungimana, mama yake Pasikali, mwenye karibu miaka tisini, mwembamba kama fimbo yake, vitenge viwili na rozari shingoni. Msichana wa mapokezi akamwonyesha mshale kwa heshima zote. Bibi akautazama mshale. Akautazama mlango mdogo. Kisha akageuka, akaenda taratibu mpaka kwenye jiwe kubwa lililo pembeni ya ngazi, akaketi.

"Bibi, karibu ndani," msichana akasema.

"Hapa panatosha."

Zaitun alipoambiwa hakushtuka. Bibi amechoka na safari, apumzike. Kosa! Hukai na Waha miaka hamsini ukasahau jambo kama hilo. Noah ya pili ikaja, wazee sita wakateremka, wakamkuta Bibi Hatungimana nje. Wangefanyaje? Kwanza ilibidi wamsalimu, na salamu ya Waha si ya kupunga mkono ukapita. Unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe, za maharage, za jirani aliyekuwa mgonjwa, naye anajibu moja moja halafu anaanza kukuuliza wewe. Na mkishamaliza, nani ana uso wa kumwacha mkubwa wake nje kwenye jiwe, yeye akaingie ndani kunywa soda? Wale sita wakakaa kwenye nyasi. Wakaja wengine kumi na wawili, wakasalimu, wakakaa. Likaja basi dogo zima.

Kufikia saa nane na nusu ndani ya Boma kulikuwa na keki, ndafu mzima aliyebanikwa akiwa na limau mdomoni, na MC Saady aliyetoka Kigoma mjini na suti ya bluu, anawakaribisha viti mia mbili vitupu. Nje kulikuwa na harusi. Tena vijana walikuwa wameanza kutoa viti kupitia mlango mdogo, kimoja kimoja, wazee wasikalie tope. Zaitun aliviona viti vyake vya satini vikitoka na mikia yake ya dhahabu ikiburuzwa kwenye matope, akamkimbilia baba wa bwana harusi.

"Lahaula! Mzee Pasikali, mama yako ana nini?"

Pasikali, mtu mkubwa mwenye sauti nzito, alikuwa amenywea ndani ya koti lake. "Mama Firdausi, nimemwomba mara tatu. Anasema kila mtu ale atakapo, yeye yupo sawa. Na hao wengine nikiwaambia waingie wananitazama kama mwizi."

MC Saady akaona hii ni kazi ya mtaalamu. Akatoka na maikrofoni. "Bibi yetu kipenzi! Mpigieni makofi bibi yetu! Bibi, twende ndani tukalisongeshe!" Bibi akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwa. Wazee wote nao wakamtazama. Saady akarudi ndani na maikrofoni yake.

Kisha Zaitun akaenda mwenyewe. "Shikamoo bibi, samahani bibi, ratiba imetubana, hebu nikushike mkono twende..." Bibi akaitikia marahaba, basi, akatazama pembeni. Kwa mbali, chini mjini, tarumbeta likasikika. Maharusi walikuwa wametoka kanisani. Zaitun akageuza shingo akamwona Ildefonsi akifungua kalamu.

Hapo ndipo Zaitun alipoogopa. Aliogopa hasa. Aliiona ile mifuko ya saruji ikirudi, aliwaona popo wakijipangia boriti zao. Na katika woga huo likamjia jambo dogo: sijamsalimu huyu mama. Nimemwambia shikamoo kama mtu anayerusha ganda la muwa.

Akavua viatu. Akapiga magoti kwenye tope, na gauni lake la dhahabu, lile la kazi. Akapiga makofi taratibu na kuanza, kwa Kiha, na safari hii si kile cha sokoni, ni kile alichokisikia utotoni kwa bibi yake. Amahoro, amani ipo? Nyumbani? Watoto? Wajukuu? Ng'ombe wamepata majani? Maharage yamevumilia mvua? Tarumbeta lilikuwa limeshafika kona ya sokoni, yeye anauliza habari za mbuzi. Bibi akajibu moja moja, bila haraka, na kwa kila jibu mgongo wake ukawa unalegea kidogo. Halafu ikawa zamu yake, akauliza habari za watoto wa Zaitun mpaka wote wakaisha, akauliza na habari za marehemu mume wake, amelala wapi, kaburi limejengewa?

Walipomaliza, Bibi akauonyesha ule mlango mdogo kwa fimbo.

"Baba yangu aliingia pale. Kodi ya kichwa. Akashindwa kulipa, wakamweka siku mbili. Mimi nilikuwa mtoto, nikakaa hapa, jiwe hili hili, na kikapu chake cha viazi. Hawakunipokea." Akageuza fimbo kwenye mlango mkubwa wenye maua. "Pale alikuwa anapita Bwana DC na mbwa wake. Mbwa, mwanangu. Leo nimekuja kumuoza mjukuu wangu, mmenichorea mshale."

Zaitun alitamani ardhi ipasuke. Mshale ule aliuchora mwenyewe, akarudi hatua tatu akausifu! Haya ikamchoma usoni. Alisimama, akapanda zile ngazi saba mbio pekupeku, akachukua mkasi wa maharusi kwenye sinia na kuukata utepe wa dhahabu.

"Mama!" wakapiga kelele wasichana wake. "Ule wa bibi harusi!"

"Bibi harusi ataingia, mlango haukimbii."

Akafungua mbao zote mbili za mlango. Zikalia kwa bawaba zao za zamani, mlio uliosikika mpaka barabarani. Bibi Hatungimana akainuka kwenye jiwe. Akapanda ngazi ya kwanza, ya pili, matope mekundu kwenye zulia jekundu, na nyuma yake umati wote ukasimama na kumfuata, mia mbili na ushei, na viti vyao mikononi. Alipofika mlangoni akasimama. Akapiga makofi, kama mtu anavyopiga akifika nyumba ya watu. Akasubiri.

Hakuna aliyeitikia. Wenyeji wote walikuwa nyuma yake! Ndani kulikuwa na MC Saady tu, na huyo hakuthubutu tena kufungua mdomo. Bibi akapiga makofi mara ya pili. Zaitun akaelewa, na safari hii hakuchelewa. Alishuka ngazi mbio, akazunguka ukuta, akang'oa ile karatasi ya mshale na kuingia kwa mlango mdogo wa ubavuni. Akakatiza katikati ya viti vilivyosalia, akihema, mtandio begani, mpaka akafika upande wa pili wa kizingiti. Akapiga magoti. Akaitikia makofi kwa makofi.

"Karibu," akasema. "Karibu ndani, mama. Karibu kwako."

Ya baadaye nitakwambia haraka. Maharusi walifika wakakuta nyumba imejaa, wakaingia bila utepe, na hakuna aliyeukumbuka. Ildefonsi aliandika kurasa mbili, kisha akauliza ule mlango wa ubavuni auandike ni wa nini. "Wa masufuria," akajibu Zaitun, "na wangu mimi." Daftari hilo sasa limejaa majina ya wanaotaka sherehe mpaka Desemba. Na kila sherehe, kabla ya maharusi, kabla ya mgeni rasmi, mtu mzee kuliko wote anaingizwa kwa mlango mkubwa, na Zaitun anamsubiri ndani kwa magoti. Zulia hufuliwa kila Jumapili, naye halalamiki.

Ila siku ile, Bibi Hatungimana alipokwisha kuvuka kizingiti, alikwenda moja kwa moja mpaka katikati ya ukumbi. Akasimama akiegemea fimbo yake. Akatazama kuta, akatazama boriti na satini zote zile, akageuka polepole mpaka akamaliza pande nne. Zaitun roho juu, akingoja kusikia kama mapambo yamempendeza.

"Kumbe kadogo hivi," Bibi akasema. Akavuta kiti, akakaa, akaomba soda.