Picha Zilizoungua

Baba yangu alikuwa na studio ya picha Kariakoo, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na utoto wangu wote nilimsaidia kuchambua picha. Iliyoharibika tulisema imeungua, na iliyoungua ilichanwa kabla mwenyewe hajaiona. "Mteja asiione," alikuwa akisema, "atadhani ndiyo kazi yetu." Mpaka leo nikishika simu ya mtu nikakuta picha mbovu, kidole kinaniwasha.

Siku hizi kazi yangu ni kuwasikiliza watoto wadogo. Shangazi yangu huniuliza kama kweli nilisoma miaka yote ile ili nikapige soga na watoto wa chekechea. Ni kazi ngumu, kwa taarifa yake. Mtoto wa miaka mitano ukimkalisha na kumuuliza maswali ya karatasi atakujibu ndiyo kwa kila kitu ili umwachie akacheze. Kwa hiyo tunampa kamera ndogo, apige chochote anachokiona cha muhimu shuleni kwao. Kesho yake tunakaa chini na picha zake, anatueleza, kisha anatushika mkono na kututembeza. Sharti ni moja: mtu mzima hachagui picha. Nimelifundisha sharti hilo kwenye semina mpaka sauti ikanikauka, na mimi ndiye niliyelivunja.

Chekechea yenyewe ilikuwa kwenye nyumba kuukuu ya ghorofa moja, nyuma ya maduka ya vitenge. Mwalimu mkuu, mama wa makamo mwenye maneno matamu, alinipokea mlangoni. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba na kuniita mtaalamu wetu, nami nikavimba kichwa. Tulipita kwenye korido, chini ya ngazi, tukicheka, mpaka ofisini kwake kulikokuwa na vitumbua na chai ya tangawizi. Niliuliza kama watoto wote wapo. Akasema mmoja tu hayupo, angekuja baadaye.

Akaja kweli, baada ya chai. Alikuwa binti wa miaka mitano wa mama mmoja anayeuza vitenge mtaa wa pili, na magoti yake yalijaa vumbi. Wala sikujiuliza vumbi hilo kalitoa wapi. Nikampa kamera ya mwisho.

Mchana nilipeleka picha kusafishwa, nikazipitia moja moja kwenye kioo cha kompyuta ya duka la picha. Wenzake walikuwa wamepiga bembea, sufuria ya uji, paka, mgongo wa mlinzi. Za yule binti zilikuwa sita, zote nyeusi tii. Maskini, nikasema moyoni, hajui kushika kamera. Nikazifuta zote.

Kesho yake niliwagawia watoto picha zao. Binti akatazama mikono yangu mitupu.

"Zangu ziko wapi?"

"Zako ziliharibika, mwanangu. Ulipigia gizani."

"Ndiyo," akasema. "Nilipigia gizani."

Nami, bila aibu, nikaanza kumfundisha kusimama penye mwanga. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza, halafu akanishika kidole. "Njoo."

Akanipeleka chini ya ngazi, kwenye mlango wa stoo wenye komeo la nje, juu kuliko kimo chake. Nikalifungua. Akanivuta ndani na kurudisha mlango. Kulinuka mikeka mibichi na mafuta ya taa, na sikuona hata mkono wangu.

"Hapa ndo pa muhimu," akasema. "Jana walikuwa hawajafunga, nikaingia nikapiga."

"Huwa mnacheza humu?"

"Mwalimu anatuwekaga. Ukilia, anakuongezea."

Akaniambia nikae chini, nizoee. Nikakaa. Chini ya mlango palikuwa na mstari mwembamba wa mwanga, na miguu ya watu ikipita. "Huyo mpishi," akanong'ona. "Huyo mlinzi." Alimjua kila mtu kwa viatu vyake.

"Na wewe ni vile vya njano," akasema. "Jana ulipita. Ulikuwa unacheka."

Namshukuru Mungu kulikuwa na giza, asinione uso. Nilitoka mle na hasira na aibu, na sijui ipi ilizidi. Nikamtuma mlinzi akamwite mama yake. Alikuja mbio, kitenge cha mteja kingali begani, akihema.

Nikamweleza yote mbele ya mwalimu mkuu. Mwalimu hata hakubabaika.

"Mama, watoto wa umri huu wanatunga sana. Ile ni stoo ya mikeka tu. Mtaalamu, si uliwapa kamera? Tuoneshe hiyo picha."

Picha sita, na mtoto alizipiga kwa akili zake timamu, mahali pale pale alipotaka. Ikabidi niseme kwamba nimezifuta. Mwalimu akatabasamu.

Mama akanitazama mimi, akamtazama mwanawe. "Mwanangu na yeye ana uongo wakati mwingine," akasema kwa sauti ya chini, na nikaona kabisa anataka kurudi kwenye meza yake. Nikajua akiondoka hivyo, huyu mtoto kesho anarudi gizani, na hatamwambia tena mtu mzima yeyote.

Binti hakubishana na mtu. Alimshika mama yake kidole kama alivyonishika mimi. "Mama, njoo."

Tukawafuata koridoni. Safari hii hakuingia. Alimwingiza mama yake, yeye akabaki nje, akausukuma mlango kwa viganja viwili na kuushikilia. Mwalimu akafungua mdomo. "Nyamaza, Mwalimu," nikamwambia, mtu niliyempa shikamoo jana yake. Tukasimama. Mle ndani tukasikia mtu mzima anavuta kamasi, na kwikwi ikafuata.

Binti akapiga magoti upesi, akaweka mdomo kwenye ule mwanya wa chini ya mlango.

"Mama, usilie," akanong'ona. "Atakuongezea."