Mafuta Yoyote Yanafaa

Kila Desemba, upepo ulipogeuka, nyumba yetu karibu na Mazinde ilijaa harufu ya makapi ya mkonge yanayooza, na kwangu hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya Hanuka, sikukuu ya taa ya Wayahudi. Baba, fundi mitambo wa shambani, alikuwa Myahudi mzaliwa wa Arusha. Mama aliifuata dini yake alipoolewa. Sikukuu ikifika tulipanga vitaa vya udongo dirishani, usiku wa kwanza kimoja, kila usiku tukiongeza kingine hadi vinane, huku baba akitufundisha sheria. Nuru ile ni ya kutazamwa tu, haisomewi wala haifanyiwi kazi. Utambi wowote unafaa, ila wa pamba ni bora. Mafuta yoyote yanafaa, ila ya zeituni ni bora zaidi, maana ndiyo yaliyowashwa zamani katika Hekalu la Yerusalemu. Yetu, alisema, yalitoka Arusha, na chupa yake ilikaa juu ya kabati tusikoweza kufika.

Mwaka nilipotimiza miaka tisa, bibi mzaa mama, Mwislamu wa Mashewa, alikuja kwa basi na tambi za pamba alizosokota mwenyewe, pamoja na chupa ya mafuta ya ufuta aliyoyakamua kwa ajili ya taa za wajukuu zake. Baba alipokea tambi. Chupa akamrudishia kwa mikono miwili.

"Asante sana, mama, lakini sisi tunawasha zeituni tu."

"Haya, mwanangu," bibi alisema taratibu, akaifunga tena ndani ya kanga.

Kesho yake, bibi alipokwisha kuondoka, niliingia stoo nikamkuta baba akijaza ile chupa ya zeituni kutoka kwenye dumu la njano, mafuta yale yale ya alizeti aliyokaangia mama maandazi.

"Zeituni yenyewe iliisha zamani," alisema bila kugeuka. "Mafuta yoyote yanafaa. Sijavunja sheria."

"Sasa ya bibi umeyakatalia nini, baba?"

Baba alikaza kifuniko, akairudisha chupa juu ya kabati. Jioni ile aliimba baraka kwa sauti yake nzuri, na tambi za bibi zikawaka bila moshi. Mimi niligeukia ukuta. Bibi hakuja tena kwenye sikukuu yetu mpaka anafariki.

Siku hizi zeituni inauzwa hata hapa Korogwe, ninakoishi na wanangu. Baba amezeeka, nami ndiye ninayemtunza. Akiniambia ameshakunywa dawa, namwitikia, "Vizuri, baba." Kisha nangoja asinzie, naenda kuangalia vidonge kwa macho yangu.