Jikoni kwa Mervyn ni Ng'ambo

Shemeji yangu Mervyn Crozier hamwamini mtu. Akinunua mbolea, huipima upya nyumbani. Daktari wa mifugo akimwambia ndama ni mzima, humwita wa pili aje amhakiki wa kwanza. Hata mimi, niliyekaa shamba la tatu kutoka kwake tangu alipomwoa dada yangu Olive, nikimpelekea mkate wa magadi huugeuza kwanza autazame chini.

"Umeungua?" huuliza.

"Nimeutia sumu, shemeji. Kula upesi kabla haijapoa."

Lakini hakuna anayemshuku kama Phelim McGovern. Kati ya malisho yao kuna kijito ambacho ng'ombe hukivuka bila kulowa magoti. Upande wetu ni Fermanagh, Kaskazini, chini ya Mfalme wa Uingereza. Upande wa Phelim ni Cavan, Kusini, Jamhuri ya Ireland. Wanaume hawa wamezeeka wakitazamana juu ya maji hayo. Julai ikifika, Mervyn hujifunga mshipi wa rangi ya chungwa wa marehemu baba yake na kuandamana nyuma ya ngoma pamoja na Waprotestanti wenzake, kukumbuka ushindi wao wa kale juu ya Wakatoliki. Phelim, Mkatoliki, siku hiyohiyo humwaga samadi shambani, na upepo huwa unavuma kuja kwetu. Ukimuuliza, atasema ni bahati mbaya tu.

Baba yake Phelim alipofariki, Mervyn alikwenda mazishini. Alisimama nje ya ukuta wa kanisa, mvuani, kofia mkononi, mpaka misa ikaisha, kisha akarudi nyumbani. Ndani ya nyumba ya Phelim hajawahi kukanyaga, na Kusini hanunui hata dizeli.

Basi figo za dada yangu zikafa. Mara tatu kwa wiki tulimpeleka hospitali ya Enniskillen akasafishwe damu, tukamrudisha akiwa hana nguvu hata ya kushika kikombe. Jina lake likaingia kwenye orodha ya hospitali kuu ya Belfast, ya watu wanaongoja figo. Muuguzi alitueleza bila kuzunguka: "Ikipatikana, tutapiga simu, saa yoyote ile. Msipopokea tutajaribu tena, kisha tutampigia anayefuata." Simu za waya zilikuwa zimekwisha kung'olewa barabara yetu yote, Olive haoni vizuri vidude vya kugusagusa, na mimi simu ya mkononi sina. Kwa hiyo uhai wa dada yangu ulikuwa mfukoni mwa Mervyn, kwenye simu yenye ufa.

Simu ilikuwa yake, aliinunua zamani. Laini ndiyo ilikuwa ya mkataba, laini peke yake, miaka miwili. Msichana wa duka alimwapia kwamba haina kikomo.

"Haina kikomo cha nini?" Mervyn aliuliza.

"Cha chochote, bwana."

Alisoma kila mstari palepale kaunta, foleni ikimkoholea mgongoni. Watu wa kwetu hawagombi, hukohoa. Kumbe masharti yenyewe yalikuwa mtandaoni, kurasa na kurasa ambazo hakuonyeshwa. Aprili bei ikapanda. Aprili iliyofuata ikapanda tena. Alipotaka kuhama, wakamwambia ruksa, ila alipe kwanza miezi yote iliyobaki.

"Huu si mkataba," alisema. "Ni mtego wa panya, na jibini nimenunua mwenyewe."

Kisha ukaja ujumbe: mteja ametumia laini nje ya nchi muda mrefu kupita unaoruhusiwa, na asiporejea, laini itafungwa mwisho wa mwezi. Mervyn akaniita nije niwe shahidi, akaweka simu sauti ya juu mezani na kuwapigia. Baada ya muziki mrefu wa kuudhi, akatokea mwanamke mwenye sauti ya upole.

"Bwana Crozier, mfumo wetu unaonyesha uko ng'ambo."

"Mimi? Mwaka huu sijafika hata pwani."

"Mfumo unasema uko Jamhuri ya Ireland."

"Niko jikoni kwangu!"

"Naelewa, bwana. Na jiko hilo liko nchi gani?"

Nilidhani atapasuka mshipa. Babu yake alizaliwa chumba cha juu ya jiko hilo. Kabla hajafungua kinywa, mwanamke akaendelea kwa upole uleule, "Labda utuambie, bwana, mnara wa simu ulio karibu nawe uko wapi?"

Tukatazama nje ya dirisha. Mnara ulikuwa juu ya kilima cha Phelim. Wa Kaskazini uko nyuma ya mlima, na nyumba ya Mervyn iko bondeni.

"Umeona?" Mervyn aliniambia alipokata simu. "McGovern amekodisha kilima ili anihamishe nchi."

"Amekodisha apate kodi, shemeji. Wala hakukuwaza."

"Ndivyo wanavyofanya. Wanajifanya hawakuwazi."

Nikamwambia anunue basi laini ya Kusini, awape hospitali namba mpya. Akanitazama kana kwamba nimetaka kumuuza dada yangu. "Wakiona namba ya Kusini, watasema Olive ni mtu wa Kusini. Watamfuta." Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nisingeweza kumwapia kwamba hawatamfuta. Nami nimewahi kukaa mbele ya madirisha ya ofisi.

Akaenda kwenye mipangilio ya simu, akazima matumizi ya nje ya nchi. Jikoni mtandao ukafa papo hapo. Alizunguka nyumba, zizi, ghala la majani, akiwa ameinua simu kama kasisi na msalaba, mpaka akaupata mtandao wa Kaskazini kwenye geti la juu, barabarani. Hapo akaegesha gari, na hapo akakaa. Olive ndiye aliyempelekea chai, akijikongoja na fimbo. Nami nilimpokea zamu, huku nikimlaani yeye, kampuni, mlima na aliyeuweka pale.

Mtu anayekaa garini siku nzima karibu na mpaka hasalimiki. Tarishi alieneza kwamba Olive kamfukuza. Polisi walisimama.

"Unangoja nini hapa, bwana?"

"Figo," Mervyn akajibu.

Wakamfungulisha buti la gari.

Mwishowe Phelim mwenyewe akaja kando ya kijito, pale kinapopita karibu na geti, mikono mfukoni.

"Crozier, unahesabu ng'ombe wangu?"

"Kwani wako wangapi?"

"Kwa nini unauliza?"

Wangefika usiku wakiulizana hivyo. Nilikuwa nimeketi garini kando ya Mervyn, chupa ya chai mkononi, miguu imekufa ganzi kwa baridi, uvumilivu ukanitoka. Nikashusha kioo nikamweleza Phelim yote, ya figo, ya laini, ya jiko lililo ng'ambo. Mervyn alinikanyaga mguu. Nikamkanyaga na mimi.

Phelim alijikuna kidevu. "Mimi nina waifai. Simu ikishika waifai, hao watu hawajui mnara wa nani. Kwenu waya haujafika?"

"Wanaahidi," nilisema.

Mervyn hakuvuka. Nilivuka mimi na simu. Jikoni kwa Phelim, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu yenye taa nyekundu, nikaipigia kampuni na kuuliza mteja yuko wapi sasa.

"Mfumo unaonyesha yuko nyumbani, mama," wakajibu. "Uingereza."

Nilirudi na habari hiyo, na Mervyn akaketi chini kwenye nyasi. Nyumbani kwake alikuwa ugenini, na kwa McGovern alikuwa nyumbani. Lakini maana yake aliielewa kabla yangu. Simu ingepaswa kulala kule.

"Ataizima," alisema.

"Aizime apate nini?"

"Hilo ndilo linalonitisha. Silijui."

Olive ndiye aliyemaliza maneno. "Mervyn, nimechoka kukuletea chai barabarani. Mpe Phelim simu, la sivyo nahamia kwake mimi mwenyewe."

Alimkabidhi kijitoni, kila mmoja akiwa upande wake.

"Usiangalie picha zangu."

"Una picha za nini?"

"Za fahali."

"Mungu aniepushe," Phelim alisema.

Tangu siku hiyo Mervyn alihamia dirishani na darubini ya baba yake. Simu ilikaa kabatini kwa Phelim, kati ya sahani mbili, na Mervyn aliilinda kwa macho toka kupambazuka. Phelim akisogea, Mervyn huguna. Phelim akifunga pazia, Mervyn hawezi kula. Na mimi, ngoja niseme ukweli, nilianza kumshuku Phelim pia. Shuku inaambukiza kuliko mafua.

Figo ilipatikana na ikashika. Ninalisema sasa hivi, maana sipendi kumweka mtu roho juu. Lakini asubuhi ile hatukujua. Tulimwona Phelim akiteremka malisho mbio, bila viatu, soksi tu, simu juu ya kichwa. Alipita kijito katikati, maji yakimfika mapajani alipoteleza, akapanda kwetu akihema.

"Belfast! Ipo! Wanataka muwe njiani sasa hivi."

Nilikwenda kumshika Olive mkono. Begi lake lilikuwa tayari mlangoni. Mervyn alikuwa amesimama palepale uani.

"Walizungumza na wewe?" aliuliza. "Hospitali haizungumzi na mtu baki."

"Walimtaka Mervyn Crozier."

"Ukasema nini?"

"Nikasema ndiye mimi. Nimekuwa Mprotestanti dakika mbili, padri asisikie."

"Hawakukuuliza kitu?"

"Waliuliza. Siku aliyozaliwa Olive."

"Na wewe utaijuaje?"

"Si ile unayovaa koti la kahawia ukampeleka kula hotelini? Kila mwaka. Mwaka mmoja theluji ilizuia gari, mkatembea."

Mervyn aligeuka akalitazama dirisha la jiko lake.

"Wakauliza amekula lini mara ya mwisho. Nikasema jana usiku kabla ya saa tatu, kwa sababu taa ya jikoni mliizima saa tatu." Phelim alifuta uso kwa mkono wa sweta. "Miaka arobaini nakuchunguza, Crozier. Nini chako nisichokijua?"

Olive alikuwa amekwisha kuketi garini. Niliwasha injini ili wale wawili waone haya, waache maneno. Mervyn alitazama miguu ya Phelim, soksi zimechanika kwenye mawe na damu inatoka kidoleni. Akainama, akavua mabuti yake, akayaweka mbele ya Phelim. Kisha akaja upande wa dereva, akanisukuma nihame, akaendesha.

Belfast walimchukua Olive mlangoni na kitanda cha magurudumu. Muuguzi aliyebaki nasi alishusha macho akaona soksi za Mervyn.

"Bwana, viatu vyako viko wapi?"

"Viko Kusini," Mervyn alisema, akaenda kuketi.