Omena Niliowalaza Kwenye Umande

Sogea karibu, wewe uliyevuka miaka arobaini ukijua kazi moja tu, kisha kazi hiyo ikakuacha. Nitakueleza polepole, maana mimi nilielewa nikiwa nimeshachelewa.

Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa mtu wa kupanga madaraja ya tumbaku huko Migori. Wakulima wa Uriri walileta majani, nami nikayashika, nikayanusa, nikasema hili la kwanza, hili la tatu. Ghala lilipofungwa nilikuwa na miaka arobaini na saba. Niliomba kazi kila mahali, hakuna aliyejibu. Asubuhi nilipiga shati pasi, nikalivaa, kisha nikaketi kitandani nisijue pa kwenda. Mke wangu alinipita kimya, kama mtu anayepita chumba chenye maiti.

Ndipo alipompigia simu rafiki yake wa shule ya msingi, mjane anayeanika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni Homa Bay. Alimwambia tu kwamba nilikuwa karani. Kanisa la yule mama linakataza tumbaku, hata kuilima, nasi tuliogopa angekataa. Alinipokea kwa sharti.

"Msimu mmoja, shemeji. Ukishindwa, urudi kwako. Mimi pia nina watoto."

Sikuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Kuanika omena ni kazi ya wanawake pale, na wenzake hawakunihurumia.

"Shem, wanaume wenzako wako majini. Wewe maji yanakuuma?"

"Mwache, anaogopa kulowesha soksi!"

Nilicheka nao, huku nikitamani ardhi inimeze. Lakini nilijifunza kutandaza wavu, kumwaga samaki wembamba, kuwageuza jua likipanda. Wiki ya tano yule mama alienda matangani Asumbi, akaniachia mzigo wote. "Wakikauka, watie kwenye magunia. Ijumaa mnunuzi anakuja."

Walikauka vizuri. Nikamshika mmoja, akavunjika. Nikaogopa kwamba nimewaharibu.

Nikueleze kwa nini. Jani la tumbaku likitoka bandani linakokaushwa huwa kavu mno. Ukiligusa linasagika, na kazi ya mwaka mzima inakuwa vumbi. Kwa hiyo unaliacha linywe unyevu kidogo, lilainike, ndipo ulifunge. Mikono yangu ilijua hilo kuliko ilivyojua jina langu. Basi nikawaacha omena nje hadi alfajiri, umande ukawashika. Walipolainika nikawajaza kwenye magunia manne, nikashona midomo, na kwa mara ya kwanza tangu ghala lifungwe nikajiona mtu.

Ijumaa yule mama alirudi, akatia mkono kwenye gunia la kwanza. Aliutoa haraka. Ndani mlikuwa na joto, na harufu iliyomfanya mnunuzi arudi nyuma. La pili lilikuwa na ukungu mweupe. Hakufungua la tatu. Mnunuzi akaenda kwa jirani.

Niliketi kwenye mchanga. Niliwaza namna ya kumwambia mke wangu. Nilifikiria kutorudi nyumbani kabisa.

"Nani alikufundisha kuwarudishia samaki maji?" aliuliza yule mama.

Nikamwambia yote: ghala, majani, unyevu, na uwongo wetu. Nililia mbele ya wale wanawake, na siku hiyo hakuna aliyenitania.

"Karani!" alisema. "Ungeniambia siku ya kwanza, ningekukataza siku ya kwanza. Mimi nilidhani hujui kitu. Kumbe unajua, ila unajua vya kwingine."

Hakusema nibaki. Hakusema niende. Alimwaga yale magunia, akanirushia ufagio wa kusafishia wavu, akasema bila kunitazama, "Msimu haujaisha."

Bado naanika. Siku nyingine hofu huniamsha kabla ya jogoo. Lakini wewe unaweza kuanza vizuri kuliko mimi. Siku ya kwanza ya kazi mpya, kabla hujagusa chochote, mweleze anayekufundisha ulivyokuwa ukifanya kazi yako ya zamani, hatua kwa hatua, kisha muulize ni ipi kati ya hatua hizo itakayoharibu kazi yake.