Veste Isiyokauka

Wamama ba bureau, ofisi yake, balikuwa banamwita Kapinga "Madame Ministre". Banasema anajivuna, anapita na ile veste yake ya bleu, koti ya ku bureau, na jupe yake, mutu wa Kasaï hataki kugusana na siye Banande ba huku. Bongo, uongo tupu! Miye niko voisine yake, jirani, huku Rughenda mu Butembo, mujane mwenye kuuzisha makala ya jiko, na kamba yake ya nguo iko mbele ya mulango wangu. Kila jioni kulikuwa veste moja, jupe moja, chemise moja. Ni zilezile tu.

Kapinga alizaliwa Mbuji-Mayi, kule Kasaï. Leta, ni kusema serikali, ilimutuma kwanza Beni, kisha Mangina. Siku masasi ya bunduki ilianza kulia kule, alikuwa ku kazi, akakimbia vile alivyovaa. Nyumba na valise zake biliungua. Butembo balimupa meza mu bureau ingine ya Leta, na mushahara ya Leta munaijua, inakuya wakati inapenda. Kikwembe, kitenge ya kujifunga, alikuwa nayo moja ya kupikia na kulalia. Miye njo nilimupa.

"Si uvae hiyo kikwembe kesho, veste ipumuzike?" nilimuuliza.

"Hapana, Mama Kakule. Baba yangu alikuwa mwalimu. Alisema mutu akikuya ku bureau na shida yake, asikukute umevaa nguo ya jikoni. Atazani na Leta imelala."

Kichwa nguvu kabisa! Mais nilimupenda vile.

Donc kila jioni anafua. Na huku kwetu, na hii baridi na ukungu, nguo inaweza kuomba siku mbili ku kamba. Alikuwa anakuya na pasi yake mukononi: "Mama Kakule, naomba makala." Tunakaa. Anapiga pasi, moshi ya maji inapanda, ananihadisia mama yake na namna banapika kwabo ile chakula ya muteke. Mutoto wangu Kakule alihamia Alimbongo na muke wake kulima viazi, na hakuyake tena kuniona. Ile saa ya pasi njo ilikuwa saa yangu ya muzuri.

Lakini pasi inakausha inje tu. Doublure, ndani, inabaki maji. Asubuhi anaivaa vile, anatetemeka, anaenda. Na ku bureau, wamama bakifungua mikono bamusalimie vile tunafanyaka, kifua kwa kifua, kichwa kwa kichwa, yeye anarudi nyuma. Anatoa vidole tu. Aliogopa basisikie ile maji.

Mwezi ya pili ikafika, bakaanza masemi ya kikwembe ya tarehe nane ya mwezi ya tatu, siku ya wamama. Kila bureau inachagua yake, wote banashona moja, banatembea pamoja ku barabara. Kapinga alisikia kama bo balichagua ya manjano yenye maua mekundu.

"Bamekuambia?" nilimuuliza.

"Bado."

Jioni ingine: "Bamekuambia?" Anapiga pasi, haniangalie. "Bado, Mama."

"Basi uliza, wee mwana!"

"Kwetu hauingie mu uniforme ya batu kama habakukuita. Ni haya."

"Miye nitaenda ku bureau kesho, nimwambie yule Agar mwenye kupanga hiyo mambo."

Akanishika mukono. "Usiende ku bureau, Mama Kakule. Nikiombewa, itakuwa huruma. Nataka baniite bo benyewe." Machozi ilimutoka, na miye nikakasirikia kila mutu, na yeye pia.

Tarehe nane akatoka na veste yake. Niliacha makala yangu, nikamusindikiza. Wamama balikuwa banapita, mustari kwa mustari, banaimba. Bureau yake ikatokea, manjano yote, maua mekundu. Kapinga alisimama kando ya barabara, ameshikilia sakoshi na mikono yote mbili.

"Turudi, Mama."

Aah, hapana! Nilikubali nisiende ku bureau. Barabara si bureau.

"Agar! Eeh, Agar! Kuya hapa!"

Agar akatoka mu mustari, mama munene, jasho ku uso.

"Juu ya nini mulimuacha huyu?"

"Siye tulimuacha?" Agar alishangaa. "Kikwembe yake iko mu sakoshi yangu hapa! Kwetu batu habaitane kwa kikwembe. Ukisikia banaongea, unakuya unasema: na miye, munikatie kipande yangu. Tulimungojea. Kila asubuhi tunamufungulia mikono, anarudi nyuma. Tukasema, yeye hatutaki siye."

Na ilionekana kama ilimuumiza na yeye. Akafungua mikono tena. Kapinga akarudi nyuma, mais nyuma kulikuwa miye na tumbo yangu. Hakukuwa tena njia.

Agar alimukumbatia. Mukono wake ukashuka polepole ku mugongo ya veste.

"Hii nguo iko maji."

"Niko na hii moja tu," Kapinga akasema.

Yesu Maria, vile aliisema! Agar alimuvula veste palepale, akaiweka ku mukono wake mwenyewe, akamufunga ile kikwembe mupya kuanzia mabega.

"Kidole kimoja hakivunje chawa. Jioni unakuya kwangu. Jiko yangu ni kubwa, nguo itakauka, na batoto bangu banakuya kukujua."

Bakaingia mu mustari. Nilimwona, nikamwona tena, kisha wote bakakuwa manjano na sikujua tena ni yupi.

Jioni niliwasha makala. Nikatoa kiti yake. Ukungu ikashuka, kamba ilikuwa tupu. Nilijua ako wapi, siko mujinga, ni miye mwenyewe nilipiga kelele. Na nilifurahi, Mungu wetu Nyamuhanga ananiona. Makala iliwaka mupaka ikakuwa majivu, na miye siko na nguo ya kupiga pasi.