Piano Niliyoing'oa Nyaya

Mimi ni mwoga, na ni heri niseme mapema. Nilikuwa mwoga kabla ya vita, na piano ndiyo iliyonionyesha kipimo cha woga wangu.

Nilijifunza kuipiga nikiwa mtoto misheni, kwa padri mmoja aliyenigonga vidole kwa penseli kila nilipokosea. Nilipopata kazi ya ukarani na kuoa, niliacha. Miaka kumi na mitano ikapita sijagusa hata kinanda cha kanisa. Kisha uhuru ukaja, na mzungu niliyemfanyia kazi akafungasha haraka kwenda Usumbura, ng'ambo ya mpaka. Mkewe akaniambia nichukue piano, maana haikuingia kwenye gari. Wanaume wanane waliibeba hadi kwangu Songo, wakipumzika kila baada ya nyumba mbili, na mtaa mzima ukatoka kuangalia.

Vidole vilikuwa vimekauka. Kipande kifupi nilichokipiga nikiwa na miaka kumi na miwili kilinishinda nikiwa baba wa watoto watatu. Hata hivyo kila Jumamosi mchana nilikaa pale nikahangaika nacho. Unyevu wa ziwa lililopakana na mji wetu ulikuwa umelegeza nyaya. Chini ya kifuniko cha kiti cha piano nikakuta ufunguo wa kuzikazia, nikajifundisha kuutumia. Majirani walinicheka: "Muzungu mweusi iko anajifunza!" Niliwakasirikia sana, lakini sikuwahi kuwa na furaha kama ile.

Waasi walipoingia mjini nilifunga piano, nikatandika kitambaa juu, mke wangu akapanga sufuria zake. Nyumba kwa nyumba walikuwa wanatafuta foni, yaani ile redio ya kuitia ndege za jeshi. Aliyekutwa nayo alipelekwa kando ya ziwa na hakurudi. Nilivumilia wiki mbili. Jumamosi ya tatu nikashindwa. Niliondoa sufuria, nikafunga madirisha, nikaanza kipande changu polepole. Nilipofika katikati, ndege ikapita juu ya ziwa.

Haikupita hata saa moja. Walikuja waasi watano, na majani vichwani, mkubwa wao mwanamume mfupi mwenye sauti ya upole. Hawakuingia ndani, walisimama mlangoni. Dawa waliyochanjwa ilikuwa na masharti yake: ukiguswa na mtu asiyechanjwa, au ukigusa kitu cha kizungu usichokijua, inaharibika na risasi inakuingia. Kwa hiyo walinielekeza kwa ncha ya mkuki.

"Ile kintu iko nini?" mkubwa wao akauliza.

"Piano, chef. Iko ya muziki tu."

"Fungua."

Nikafungua hadi ndani. Walipoona nyaya zile zote, mmoja akarudi nyuma.

"Muziki gani inaomba waya yote ile? Piga tusikie."

Nilijua kabisa kwamba nikipiga vizuri nitapona. Nikaweka mikono. Kidole cha kati kikaanza kutetemeka juu ya noti moja, ta-ta, ta-ta-ta, nikashindwa kukizuia na nikashindwa kukiondoa. Nikaanza upya. Kikarudia yaleyale.

"Basi!" akasema, bado kwa upole. "Munasikia? Iko anatuma habari. Miye nilitumika ku posta, ku telegrafu, ile sauti naijua."

Ningependa kukumbuka kwamba nilijitetea. Aliyesema ni mke wangu, kwenye mlango wa jikoni, mtoto mgongoni.

"Chef, mbaya iko waya, hapana mbao. Atoe waya yote hapa mbele yenu. Kama ni foni, itakufa."

Dakika ile nilimchukia, Mungu anisamehe.

Nilizing'oa mwenyewe, kwa ufunguo uleule na koleo, wao wakinitazama kwa mbali. Zile nene za shaba ziliguna zikilegea. Nyembamba moja ilikatika ikanichana kidevu, nikaendelea damu ikinitiririka shingoni. Ilinichukua mchana wote. Nilipomaliza, mkubwa wao akaangalia lundo lile sakafuni, akasema, "Sasa piga." Nikapiga kipande changu mwanzo hadi mwisho, bila kosa hata moja, kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Zilisikika mbao tu zikigongana. Wakaridhika, wakaenda zao.

Sikuacha mazoezi. Kila Jumamosi nilikaa kwenye piano ile bubu, na hata mbao zile niliziogopa, nikajizoeza kubonyeza taratibu mpaka nazo zikanyamaza, muziki nikiusikia kichwani tu. Mke wangu alizifunga nyaya uani akaanikia nguo za mtoto. Nilipomwona akianika, niliangalia pembeni.

Vita vilipoisha, ikapita miaka kadhaa, kisha paroko mpya wa Kasenga akapata piano nzima. Alisikia kwamba napiga, akaniita. Alikaa kwenye benchi nyuma yangu. Nikainama, nikapiga kipande changu chote, kwa makini, taratibu kama nilivyozoea nyumbani, kila noti mahali pake. Nikashusha mikono mapajani na kungoja aseme neno. Nilijivuna kidogo, nakiri.

Naye alikuwa anangoja. Mwisho akakohoa kidogo.

"Anza tu, baba," akasema. "Usiogope."